Ahero na Uwanda wa Kano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ardhi, Watu na Hali ya Hewa

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wanaotumwa kufanya utafiti wa nyanjani, watumishi wanaohamishiwa huku kikazi, jamaa wanaotafuta kiwanja, na wasafiri ambao wamepita Ahero mara nyingi bila kushuka garini. Maswali mengi, hata yale yanayohusu chakula, ujenzi au maradhi, hurudi kwenye jambo moja: sehemu kubwa ya maji yanayoutengeneza na kuusumbua mji huu hunyesha mahali pengine. Msomaji atakayelishika jambo hilo ataielewa Ahero vizuri kuliko mtu aliyekariri takwimu zake zote.

Ahero iko wapi hasa?

Ahero ni mji mdogo katika kaunti ya Kisumu, eneo bunge la Nyando, kilomita zipatazo 25 kutoka Kisumu mjini ukielekea Kericho. Umuhimu wake wa kwanza ni makutano ya barabara. Njia moja huendelea mashariki kupitia Awasi hadi Kericho, Nakuru na Nairobi, na nyingine hukata kusini kupitia Katito na Sondu hadi Oyugis, Kisii, Migori na mpaka wa Tanzania ulioko Isebania. Anayetoka Kisumu kwenda Kisii na anayetoka Kisumu kwenda Nairobi husafiri pamoja hadi hapa, kisha huachana. Ndiyo maana soko la Ahero ni kubwa kuliko mtu angelitazamia kwa idadi ya nyumba zilizopo.

Ikweta hupita kaskazini kidogo ya mji, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima.

Kwa nini nchi hii ni tambarare kiasi hiki, ilhali kuna milima pande tatu?

Ahero imekaa katikati ya Uwanda wa Kano, na uwanda wenyewe ni sakafu ya bonde lililodidimia. Wanajiolojia huliita Bonde la Ufa la Nyanza, nalo ni tawi linalotoka kwenye Bonde la Ufa kuu na kuelekea magharibi hadi ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria. Ukisimama mahali palipo wazi asubuhi, kabla joto halijatia ukungu hewani, utaona kaskazini ukuta wa miinuko ya Nandi umenyooka kama uliochorwa kwa rula, kusini utaona mteremko unaopanda hadi Nyabondo huko Nyakach, na mashariki vilima vya Tinderet na nyanda za juu za Kericho. Ni upande wa magharibi tu ulio wazi, na upande huo ndio wa ziwa.

Katika zama za kale ziwa lilikuwa likipanda na kushuka, na mito ikamwaga humu mchanga na tope kwa maelfu ya miaka, ndiyo sababu sakafu ikasawazika. Uso wa Ziwa Viktoria uko kwenye kimo cha takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nayo Ahero iko mita zipatazo 1,160. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa nchi ambayo maji yake yanatakiwa yatiririke yenyewe hadi ziwani, na karibu kila tatizo la mifereji ya maji ya mvua katika mji huu linaanzia kwenye hizo mita chache.

Mto Nyando unatoka wapi?

Nyando huanzia kwenye nyanda za juu za Nandi, Tinderet na Londiani, sehemu ambazo baadhi yake zina kimo cha zaidi ya mita 2,500. Una urefu wa kilomita zipatazo 150, na eneo linalochangia maji yake lina ukubwa wa takriban kilomita 3,600 za mraba. Mkono mmoja mkubwa, Ainamotua, hushuka kutoka upande wa Nandi, na mwingine hutoka upande wa Kericho, hadi maji yote yakutane huku uwandani, yapite karibu na Ahero, yaingie kwenye mafunjo na hatimaye kwenye ghuba ya Winam.

Inafaa mtu aupime mto huu kwa mteremko wake. Katika nusu ya kwanza ya safari yake hushuka zaidi ya mita elfu moja, ukipita kwenye mashamba ya chai, mahindi na miwa, nao huenda kwa kasi na kuchimba kingo. Ukishafika uwandani mteremko hukatika ghafla. Maji yaliyokuwa yakikimbia hulazimika kutembea, na mzigo wote wa udongo yaliyoubeba huanza kutua.

Je, ni kweli kwamba Ahero hufurika hata siku ambayo haijanyesha mvua?

Ni kweli kabisa, na hili ndilo swali ambalo wageni huliuliza kwa mashaka makubwa zaidi. Nyanda za juu za Nandi na Kericho ni kama paa kubwa la nyumba, na Uwanda wa Kano ndio mahali bomba la paa hilo linapomwagia maji. Huko juu mvua ya mwaka katika sehemu nyingi hufikia milimita 1,800 na zaidi, ilhali uwandani kwa kawaida ni kati ya milimita 1,000 na 1,300. Tena mvua ya huko hunyesha zaidi alasiri na jioni. Maji yakishakusanyika kwenye vijito, huchukua saa kadhaa kufika chini, na hivyo mara nyingi huingia vijijini usiku, watu wakiwa wamelala chini ya anga lenye nyota. Mama anayeamka kwa sababu maji yamegusa mkeka hahitaji kuambiwa kwamba hayo si maji ya hapa.

Ushahidi mwingine uko kwenye matope. Udongo wa asili wa Ahero ni mweusi, na udongo wa Nandi na Kericho ni mwekundu. Mafuriko yakiondoka, sakafu ya nyumba, meza za darasani na majani ya mahindi hubaki na utando wa rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Ukiuacha ukauke, hupasuka vipande vyembamba na kujikunja kingoni, na chini yake unaona tena ardhi nyeusi ya nyumbani. Huo ni udongo wa shamba la mtu mwingine, ulio na rutuba aliyoipoteza yeye, umeletwa mlangoni pa mtu ambaye hakuuomba.

Sababu ni zaidi ya mvua pekee. Misitu ya huko juu imepungua, na ardhi iliyolimwa bila makinga maji humwaga maji haraka kuliko ile iliyofunikwa na miti. Mto nao, kwa kutua udongo mwaka baada ya mwaka, umeinua sakafu yake wenyewe, hata katika sehemu fulani maji hupita juu zaidi ya mashamba yaliyo kando. Kingo zikipasuka, maji yaliyotoka hayawezi kurudi mtoni, hukaa mashambani hadi yanywewe na ardhi au yakaushwe na jua. Halafu liko ziwa. Maji ya ziwa yakiwa juu, mto hukosa mahali pa kumwaga kwa upesi, hujaa nyuma na kuenea pembeni.

Wazee wa Kano hupanga kumbukumbu zao kwa mafuriko. Watakutajia mvua za 1961 na 1962 zilizotangulia Uhuru, El Niño ya 1997 na 1998, kisha miaka ya 2019 na 2020, wakati mvua kubwa zilipoambatana na kupanda kwa ziwa hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na tena Aprili na Mei 2024. Katika vipindi hivyo shule zimegeuzwa makao ya waliohama, na masomo yamesimama au yakafanyiwa chini ya miti.

Mbona serikali haijayazuia mafuriko hayo?

Yako mambo yaliyofanywa. Matuta ya udongo yamejengwa kando ya mto katika sehemu za chini, na huwasaidia wanaokaa nyuma yake mradi tu yatunzwe, kwa sababu tuta lililotobolewa na panya, kukanyagwa na ng'ombe au kuchimbwa mchanga kando yake hupasuka mahali pamoja na kuleta madhara makubwa kuliko pasingekuwa na tuta. Mpango mkubwa zaidi ni bwawa la Koru-Soin, kwenye mpaka wa kaunti za Kisumu na Kericho, linalokusudiwa kuyapokea maji ya Nyando kabla hayajafika uwandani na kuyatumia kwa kunywa na umwagiliaji.

Kwa maoni ya mwandishi, bwawa ni la lazima lakini halitoshi. Litajaa udongo mapema ikiwa mashamba ya juu yataendelea kumomonyoka. Mkulima wa Tinderet anayepanda nyasi kwenye makinga maji yake humlinda mtu wa Kobura, huku uwandani, ambaye huenda hawatakutana maishani, na bado hakuna utaratibu madhubuti wa kumlipa au hata kumshukuru. Kaunti za Nandi, Kericho na Kisumu zina mipaka mitatu kwenye ramani, na mto ni mmoja.

Hali ya hewa ikoje mwaka mzima?

Ni ya joto. Mchana joto hufika kati ya nyuzi 28 na 31 za Selsiasi katika miezi mingi, na usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 18. Januari hadi Machi mapema ndiyo miezi ya joto kali, na Julai huwa na nafuu kidogo. Mvua za masika huanza Machi na kukolea Aprili na Mei, na mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Hata hivyo, ukaribu wa ziwa hufanya mwezi usio na mvua kabisa uwe nadra.

Mpangilio wa siku moja una mantiki yake. Kunapopambazuka hewa hutulia. Kufikia saa tano au sita mchana ardhi huwa imepata joto kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani ukielekea mashariki. Hewa hiyo yenye unyevu hugonga miinuko ya Nandi na Kericho, hupanda, hupoa, na kuzaa mawingu makubwa ya radi. Kwa hiyo mtu wa Ahero huona mvua ikijengeka mbele yake saa tisa alasiri, nyeusi juu ya vilima, akajua kwamba inanyesha Kericho, mahali panapohesabiwa miongoni mwa yale yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wakati mwingine wingu hilo hurudi nyuma na kuufikia uwanda jioni, likiwa na upepo wa ghafla unaoezua mabati. Usiku upepo hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Radi ni hatari ya kweli hapa, kwa kuwa mtu aliyesimama katikati ya shamba la mpunga mara nyingi ndiye kitu kirefu zaidi kwa mbali. Mawingu yakikaribia, wafanyakazi hutoka shambani.

Udongo wa Ahero unafaa kwa kilimo gani?

Udongo mweusi wa mfinyanzi uliotanda sehemu kubwa ya uwanda una tabia mbili zinazopingana. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono hadi kiwiko. Ukinyeshewa huvimba, nyufa hujifunga, na maji hukaa juu bila kupenya. Jembe la mkono hushindwa katika hali zote mbili, kwani ukiwa mkavu ni jiwe na ukiwa umelowa hung'ang'ania mpini, na mkulima wa Kano ana siku chache tu za katikati ambazo ardhi hukubali kulimwa. Anayekosa trekta au ng'ombe wa kulimia siku hizo huwa ameukosa msimu.

Mpunga huipenda ardhi ya namna hiyo, kwa sababu maji hayapotei chini. Pembeni, penye mwinuko kidogo, watu hupanda mahindi, mtama, nyanya, tikiti maji na mboga za kienyeji, na wazee wanakumbuka pamba ilivyokuwa zao la fedha. Mahindi na mtama husumbuliwa na kayongo, gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalofyonza mizizi ya nafaka, na ambalo hustawi zaidi mahali udongo umechoka. Kaskazini na mashariki ya uwanda, kuelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni, zao kuu ni miwa.

Mpunga wa Ahero ulianzaje, na hulimwa vipi?

Mradi wa umwagiliaji wa Ahero uliandaliwa tangu 1966, mwaka ambao Bodi ya Kitaifa ya Umwagiliaji iliundwa, na mashamba yakaanza kuzalisha mwishoni mwa muongo huo. Ulikusudiwa kuwa mradi wa majaribio, ili kuona kama ardhi iliyokuwa ikifurika ovyo ingeweza kufurishwa kwa mpango. Una eneo la ekari zaidi ya 2,000, na mgao wa kawaida wa familia moja ulikuwa ekari nne. Mradi wa West Kano, ulio karibu na ziwa, ulifuata katika miaka ya 1970. Bodi hiyo sasa inaitwa Mamlaka ya Kitaifa ya Umwagiliaji, nayo ina kituo cha utafiti hapa Ahero.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji ya mradi huu hayaingii mashambani yenyewe. Huvutwa kutoka mto Nyando kwa pampu za umeme, na gharama ya umeme huo imekuwa ndiyo donda la mradi tangu mwanzo. Bili ikilimbikizwa, umeme hukatwa, na miche iliyo kitaluni hunyauka huku mto ukipita pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shughuli zilikwama kwa muda mrefu, mashamba yakageuka malisho, kisha yakafufuliwa katika miaka ya 2000. Upande wa kusini magharibi mwa Kano wako wakulima wanaopata maji ya Nyando kwa mteremko wa asili bila pampu, na ukilinganisha hesabu za pande hizo mbili utaelewa kwa nini suala la kuyashika maji yakiwa bado juu huzungumzwa kwa hisia kali katika mikutano ya wakulima.

Kazi yenyewe huanza kwa kitalu. Mbegu huloweshwa, huoteshwa, na kumwagwa kwenye kipande kidogo kilichosawazishwa vizuri. Baada ya wiki tatu au nne miche hung'olewa, hufungwa vifungu vidogo kwa majani yake yenyewe, na kupelekwa kwenye jaruba lililokwisha kuvurugwa na trekta hadi likawa uji wa tope. Wapandikizaji, wengi wao wakiwa wanawake wanaofanya kazi kwa vikundi, huinama na kurudi nyuma kwa mstari, kila mmoja akishika kifungu mkono wa kushoto na kuchomeka miche kwa kidole gumba na viwili vya mkono wa kulia, haraka kiasi kwamba jicho la mgeni haliwezi kuhesabu. Malipo hutolewa kwa kipande cha shamba, si kwa saa, na mgongo ndio unaolipa.

Mpunga ukianza kuweka maziwa, kazi hugeuka kuwa ya ulinzi. Makundi ya kwelea hushuka alfajiri na jioni, na familia hukaa shambani kutwa nzima zikipiga madebe, zikitupa udongo kwa kombeo na kuvuta kamba zilizofungwa mikebe. Watoto hukosa shule kwa ajili hiyo, na serikali inapochelewa kunyunyizia dawa mahali ndege hao wanapolala, shamba lililotarajiwa kutoa magunia mengi huishia kutoa mabua. Baada ya mavuno utauona mpunga umeanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, ukigeuzwa kwa miguu. Sehemu kubwa hununuliwa ukiwa haujakobolewa, na kwa miaka mingi wafanyabiashara kutoka Uganda wamekuwa miongoni mwa wanunuzi wakuu. Uliokobolewa huuzwa sokoni kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia. Sindano ndilo jina utakalolisikia zaidi, pamoja na pishori kwa wanaotaka harufu nzuri.

Wakazi ni kina nani?

Wengi ni Wajaluo wa Kano, ambao mababu zao walikuja kwa awamu kutoka eneo la Bahr el Ghazal katika Sudan Kusini ya sasa wakipitia Uganda, na wakatulia uwandani vizazi vingi kabla ya ukoloni. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Nyando ilikuwa na watu 161,508, na kaunti nzima ya Kisumu 1,155,574. Wengi wa hao wa Nyando wanaishi katika maboma yaliyotawanyika mashambani, na mji wenyewe ni wa biashara zaidi kuliko wa makazi, ingawa vyumba vya kupanga vinaongezeka mwaka hata mwaka.

Boma la Kijaluo, dala, lina mpangilio wenye maana. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango kuu, na vijana wa kiume hujenga simba zao, yaani nyumba za vijana wasiooa, karibu na lango kabla ya kuhamia kwenye maboma yao. Mpangilio huo husababisha ugumu wa pekee mahali penye mafuriko, kwani mahali pa nyumba pameamuliwa na nafasi ya mtu katika familia, na pengine mahali hapo ndipo palipo chini zaidi. Familia nyingi zimepata njia ya kati, yaani nyumba hubaki mahali pake lakini msingi huinuliwa kwa mawe hadi magotini au zaidi.

Mjini utakutana pia na Waluhya, Wakisii, Wakipsigis, Wanandi, Wakikuyu na wafanyabiashara wa Kisomali. Wahindi waliletwa kulima Kibos, karibu na Kisumu mjini, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, na mchango wao katika kilimo cha miwa ulikuwa mkubwa. Kijaluo ndicho lugha ya nyumbani, Kiswahili ndicho cha steji na sokoni.

Luanda Magere alikuwa mtu wa hapa?

Ndiyo, kwa mujibu wa simulizi za Wajaluo alikuwa shujaa wa ukoo wa Sidho wa Kano. Inasemwa kwamba mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikumwingia, hadi mke aliyeozwa kutoka kwa maadui akagundua kwamba nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli chake. Kivuli kilipochomwa mkuki, alianguka akawa jiwe. Jiwe linalohusishwa naye lipo upande wa Muhoroni, na wawindaji walikuwa wakinoa silaha zao juu yake.

Simulizi hiyo hubeba pia historia ya mpaka. Watu wa uwandani na watu wa vilimani wamepigana juu ya ng'ombe na malisho, na vilevile wameoana na kubadilishana nafaka kwa mifugo kwa muda mrefu. Uhusiano huo bado unahitaji kutunzwa, hasa nyakati za uchaguzi.

Kuna wanyama na ndege gani?

Mashamba ya mpunga huwavuta yangeyange, korongo na kwarara kwa mamia, na mafunjo ya sehemu za chini, kama vile kinamasi cha Kusa, yanatambuliwa kimataifa kuwa makazi muhimu ya ndege. Viboko hutoka usiku kula mimea karibu na ziwa na wamewahi kuua watu, kwa hiyo kutembea ufukoni gizani si jambo la mchezo. Kinamasini huishi kamongo, samaki mrefu mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka hujizika kwenye tope na kungoja mvua. Mafunjo yenyewe hukatwa kwa ajili ya mikeka na kuezekea, nayo huchuja udongo kabla maji hayajaingia ziwani. Kila ekari inayochomwa ili kupandwa mboga hupunguza chujio hilo.

Je, malaria ni tatizo kubwa?

Ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulionyesha kwamba katika kanda ya ziwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria, ikilinganishwa na asilimia 6 kwa nchi nzima. Majaruba ya mpunga na madimbwi yanayoachwa na mafuriko huzalisha mbu mwaka mzima. Lala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hata miezi ya kiangazi, na ukihisi homa nenda ukapimwe siku hiyohiyo badala ya kununua vidonge kwa kukisia. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto magharibi mwa Kenya Septemba 2019, na wazazi wanaohamia huku wanafaa kuuliza ratiba yake katika kliniki iliyo karibu. Kichocho kipo pia, kwa hiyo usioge wala usiruhusu watoto wacheze kwenye mifereji.

Maji ya kunywa yanapatikana wapi?

Sehemu nyingi hutegemea visima, maji ya mvua yanayokingwa kwenye matangi, na maji ya bomba mahali yalipofika. Baada ya mafuriko kila kisima kisicho na ukingo uliojengewa kichukuliwe kuwa kimechafuliwa na maji ya vyoo hadi kitibiwe. Chemsha au tia dawa.

Nifike vipi, na wakati gani ni mzuri kuzuru?

Matatu za Kisumu kwenda Ahero, Awasi, Katito, Sondu na Kisii hupita siku nzima, na safari huchukua chini ya saa moja ikiwa barabara haijasongamana. Kutoka makutano, bodaboda na tuktuk huingia vijijini. Anayetaka kuona upandikizaji au uvunaji aulize kwanza ofisini kwa mradi, kwani ratiba hutegemea pampu na mgao wa maji. Kwa utafiti wa nyanjani, Januari, Februari, Julai na Agosti ni miezi yenye njia kavu zaidi. Mwezi wa Aprili na Mei njia za udongo mweusi huwa hazipitiki kwa gari dogo, na hata pikipiki hubebwa na mwenyewe.

Ninataka kununua kiwanja Ahero. Nizingatie nini?

Zuru kiwanja hicho mara mbili, kiangazi na wakati wa masika. Tazama kuta za nyumba kuukuu za jirani, kwani mara nyingi mstari wa rangi ya tope unaoonyesha kimo cha maji haujafutika. Uliza wazee wawili wasio wa familia moja maji yalifika wapi mwaka 1997, mwaka 2020 na mwaka 2024, na kama uliingia mto au ni maji ya mvua yaliyosimama tu, kwa sababu hayo ya pili unaweza kuyatolea mfereji na yale ya kwanza huwezi. Chunguza kama kuna tuta karibu na ni nani anayelitunza. Mwambie fundi achimbe msingi hadi apite tabaka linalopasuka, la sivyo udongo unaovimba na kunywea utatia ufa ukutani hata pasipo mafuriko. Mwisho, hakikisha hati ya umiliki katika ofisi ya ardhi, na uthibitishe kwamba kiwanja hakimo ndani ya eneo la mradi wa umwagiliaji wala kwenye hifadhi ya ukingo wa mto, ambako ujenzi hauruhusiwi.